Pazia Kati ya Wake na Waume

Mwaka 1968, nikiwa na miaka tisa, baba yangu alianguka kutoka juu ya mkarafuu, na shida zetu zikaanza. Kabla ya hapo tulikuwa maskini kama majirani zetu wote wa Ole, kisiwani Pemba. Baada ya hapo tulikuwa maskini kuliko wao.

Nitasema kwanza yaliyotokea, usije ukakaa ukisubiri. Ulikuwa msimu, karafuu zimejaa mitini na nyingine tumeshazichuma na kuzianika juu ya majamvi. Baba alikuwa juu, amefunga tawi kwa kamba ili alivute karibu. Tawi likavunjika. Sauti yake ilikuwa kama mtu anayevunja muwa kwenye goti, kisha kikafuata kishindo. Wanaume watano walioshirikiana naye kuchuma walishuka wakamzunguka. Mimi nilikuwa chini naokota zilizodondoka. Baba alikuwa hai, macho wazi, ila kuanzia kiunoni kwenda chini hakuna kilichotikisika.

Hapohapo matone yakaanza. Upande wa pili wa ua wa makuti, nyumbani, mama yangu alikuwa anachambua karafuu, kuzitoa makonyo yake, na wanawake wenzake. Hakuona kitu. Aliona mvua tu, akapiga kelele: "Mvua jamani! Anueni! Anueni!" Wenzake wakaitikia.

Asiyekulia kwetu hatanielewa, lakini nasema. Karafuu ikirowa kabla haijakauka imeharibika, na jasho la nyumba nzima limekwenda bure. Mtoto wa Pemba anajua kuanua kabla hajajua kufunga kikoi vizuri. Akisikia neno hilo miguu inakwenda yenyewe. Wale wanaume watano walikwenda. Na mimi nilikwenda. Tulikunja majamvi, tukaingiza karafuu ndani, hata moja haikurowa. Tuliporudi chini ya mti, baba alikuwa amekwisha kufa, na maji yamejaa kwenye macho yake.

Mama aliponiuliza nilimwambia alikufa palepale alipoanguka. Wale wanaume nao wakasema vivyo hivyo. Hatukukaa tukapanga. Kila mtu alidanganya kivyake na uongo ukatoka mmoja, kwa sababu sote tulijua nani aliyeita.

Kabla sijamwacha, baba alinambia neno moja. Nitalifikia.

Skuli niliiacha darasa la tatu. Nilibeba mbao kwa wapasuaji, mbao ndefu kuliko mimi, bega hili la kulia mpaka leo limelala. Nikajifunza msumeno kwa kuutazama, randa kwa kuiba muda fundi akila, na kusoma nilijifunza kwenye magazeti yaliyofungiwa misumari. Sikufundishwa na mtu kwa hisani. Haya unayoyasoma nimeyaandika mwenyewe, kwa kalamu, na nimefuta pengi.

Kazi ya majukwaa ilinifuata yenyewe. Kwanza nilijenga ya harusi, halafu ya mikutano, halafu vikundi vya maigizo vikaanza kuniita. Vijana waliosoma wale. Waliniita nipige misumari niondoke, lakini mimi nikipiga msumari hukaa nikaona utashika nini. Nikawa nakaa natazama. Naona wachezaji wako juu wanalia, na watu chini wanatafuna njugu na kuulizana habari za kesho. Mchezo ulikuwa uko kule juu kama kalenda ya ukutani.

Siku moja huko Vitongoji walikuwa na mchezo wa mwizi wa nazi. Nikawaambia, "Huyo mwizi wenu msimpandishe jukwaani. Mketisheni katikati ya watu tangu mwanzo, anyamaze." Wakanicheka, lakini wakafanya. Mwenye shamba aliposema juu ya jukwaa, "Mwizi wangu yumo humu humu," yule kijana akainuka kimyakimya kutaka kuondoka. Bibi mmoja jirani yake akamkamata kanzu.

"Wendapi? Keti kitako! Nlikuona tangu ulivyokuja, jicho lako halitulii!"

"Bibi, mimi mchezaji."

"Mchezaji wa nazi za watu!" Akampiga kandambili ya mgongo. Watu walicheka mpaka wakalala chini, lakini baadaye nikawaona wakitazamana kwa macho mengine, kila mtu anamfikiria jirani yake. Hakuna aliyetafuna njugu.

Kutoka hapo nikawa sipigi misumari tu. Gombani, kwenye mchezo wa mfungwa, nilitengeneza mlango wa makuti mfupi, kila mtazamaji aingie ameinama, hata wakubwa wenye makoti. Walinuna, lakini walikaa kimya tangu mwanzo. Nikajua kwamba mbaazi kavu zikizungushwa kwenye ungo zinanyesha kama mvua juu ya makuti, na bati likishikwa ncha mbili likatikiswa ni radi. Nikajua kwamba harufu inamfikisha mtu mahali kabla mchezaji hajafungua mdomo. Haya hakunionesha mtu. Niliyatoa kichwani mwangu, na nayasema kwa kujisifu.

Basi. Miaka mitatu iliyopita mwalimu mmoja wa skuli, binti wa hapa Ole anayeongoza kikundi cha maigizo, alikuja nyumbani. Alitaka mchezo wa wachumaji wanaoanguka, maana kila msimu tunazika au tunauguza.

"Mzee, tunataka jukwaa zuri."

"La nini? Mkarafuu hauoti juu ya mbao. Nendeni shambani, mchezee chini ya mti wenyewe."

"Na watu?"

"Watakaa chini, kama wanavyokaa siku zote."

Wazee wa mtaa wakakubali, kwa sharti wanawake wakae mbali na wanaume na pazia katikati. Mwalimu alirudi kwangu machozi yanamlenga. "Pazia litauua mchezo wangu, Mzee. Nusu ya watu hawataona kitu."

Hapo ndipo jambo liliponijia, na lilinijia lote kwa mara moja, kama limekaa miaka likingoja. Nikamwambia, "Wacha wasione. Siku mtu anapoanguka wanawake huwa wanaona nini?"

Nikampa kisa. Mtu ameanguka, yu hai, mvua inakuja, wanawake wanaita, wanaume wanamwacha. Akanitazama. "Umekipata wapi hiki?"

"Nimekisikia," nikasema.

"Na yule aliyeanguka anasema nini wanapoondoka?"

"Anasema, nendeni kaanueni."

Akaandika.

Niseme ukweli wangu. Mama yangu alikuwa amefika miaka themanini na ushei, anakwenda kwa mkongojo, na mimi nilitaka ajue kabla hajafa. Miaka yote ile alikuwa anasema, "Alhamdulillahi, mume wangu hakuteseka," na kila akisema mimi natazama kando. Sikuwa na mdomo wa kumwambia. Nikaona mchezo utamwambia. Mke wangu alinigundua siku ileile.

"Mama yako yupo hatua arubaini kutoka hapa," akasema. "Nenda kamwambie."

"Mchezo huu una mafunzo kwa watu wote."

"Mafunzo! Weye muoga tu. Umepata pa kujificha penye watu wengi."

Nilikwenda kununua kitambaa.

Nilinunua marekani nyeupe, nikaiunga vipande saba, nikaitundika kwa kamba moja baina ya minazi miwili, ikitenganisha shamba mashariki na magharibi. Wanaume niliwaweka magharibi, jua mgongoni mwao, na uwanja wa mchezo mbele yao chini ya mkarafuu. Wanawake niliwaweka mashariki. Nilichagua saa baada ya alasiri, jua likiteremka, ili kila kinachofanyika upande wa wanaume kipige kivuli kwenye pazia. Wanawake wangeona vivuli na kusikia sauti, basi. Kila mwanamke aliyeingia alipewa ungo na karafuu mbichi achambue, na yule mchezaji aliyekuwa mke wa mchumaji alikaa katikati yao, buibui kama zao, ungo kama wao. Pande zote mbili nilianika karafuu za kweli juu ya majamvi. Mimi nilisimama kwenye mnazi wa pembeni, nimeshika ncha ya kamba ya pazia. Ni mimi peke yangu niliyekuwa naona kote kuwili.

Mama nilimleta mwenyewe. Nikamketisha mbele kabisa, hatua mbili kutoka kwenye pazia. Nilimwambia ni kwa ajili ya masikio yake.

"Mchezo gani huu," akasema alipopewa ungo, "nimealikwa kutazama au kufanya kazi?"

"Chambua, bibi," jirani yake akamwambia, "makonyo hayajitoi yenyewe."

"Mimi nimechambua kabla mama yako hajazaliwa. Lete huo!" Wakacheka. Vidole vyake vilikuwa vimepinda, lakini alikuwa akichambua upesi kuliko wasichana.

Mchezo ukaanza. Kwa wanaume, mchumaji alipanda mti wa kweli, anatania na wenzake. Kwa wanawake, kivuli kilipanda kwenye kitambaa, kikawa kirefu. Mama aliinua kichwa. "Huyo kamba amefunga vibaya," akasema. "Tawi lile litamtupa." Wanawake wakamnyamazisha.

Tawi nililiandaa mimi, nimelikata nusu. Likavunjika. Kijana alidondoka juu ya magunia ya makumbi ya nazi tuliyoyafunika majani, na kishindo kilikuwa kile kile. Nakuapia, kilikuwa kile kile, nilijaribisha magunia mara nyingi mpaka nikakipata. Upande wa wanaume watu walisimama. Upande wa wanawake mikono ilisita juu ya nyungo.

Mbaazi zikaanza kunyesha. Bati likalia. Mchezaji wetu akafungua mdomo aseme "mvua," na hapa nataka unisikilize vizuri: hakuwahi. Mama yangu alikwisha sema.

"Mvua! Anueni! Anueni jamani!"

Sauti ile ilikuwa ya mwanamke wa miaka ishirini na nane. Sijui aliitoa wapi. Wanawake wote wakaitikia, si mmoja, si wawili, wote, wameinuka, wanakamata ncha za majamvi, wengine wanacheka kwa kujishtukia na bado wanakunja. Na upande wa pili wachezaji wakasikia wito wa kweli, wakamwacha mwenzao. Wakakimbia, na wanaume watazamaji nao wakakimbia. Nilimwona mzee mmoja mwenye kanzu na kofia yake anakunja jamvi huku anamfokea mwanawe achangamke. Hakuna aliyeambiwa afanye hivyo. Yule kijana chini ya mti akasema, "Nendeni, kaanueni," na hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Juu yake nilikuwa nimetundika debe nililolitoboa. Maji yakaanza kumdondokea usoni.

Nikaachia kamba. Pazia likaanguka.

Wanawake walikuwa wamesimama, majamvi mikononi, na jua liliwapiga machoni. Walipozoea mwanga waliona mtu mmoja amelala peke yake anatiririkiwa na maji, na nyuma yake waume zao na kaka zao wamekumbatia karafuu. Wanaume nao wakawaona wanawake. Hapakuwa na aliyepiga makofi. Mbaazi zilikuwa zimeshatulia. Mwanamke mmoja akaanza kulia, halafu wengine, na wanaume wakawa hawajui wayaweke wapi majamvi.

Mimi nilikuwa natazama mtu mmoja tu. Mama alimtazama yule kijana. Akatazama mti. Kisha akageuza shingo taratibu, akanitazama mimi na kamba mkononi mwangu.

Nilimwendea. Alikuwa bado ameshika ncha ya jamvi.

"Ulikuwepo," akasema.

"Nilikuwepo, mama."

"Alikuwa hai."

"Alikuwa hai."

"Na miye ndiye niliyeita."

Akaachia jamvi. Hakulia. Alisema kwa sauti ndogo, mimi peke yangu nisikie: "Ungenambia kwa mdomo wako, mwanangu. Tuko wawili, tumekaa. Umeniletea mtaa mzima."

Akaomba apelekwe nyumbani na mtu mwingine.

Mwalimu alifurahi sana, maskini. Alinikuta nakunja kitambaa. "Mzee, umeona? Sijapata kuona watu vile! Twende nao Wete, twende Mkoani!"

"Nendeni. Pazia langu haliendi."

"Kwa nini?"

"Halishoneki mara mbili."

Hakuelewa, wala sikumweleza. Walicheza pengine kwa shuka walizoziunga, nikasikia watu walilia huko pia.

Mimi nikawa nakwenda kwa mama kila siku. Nikibisha hodi ananijibu kutoka ndani, "Umekuja na wangapi leo?"

"Peke yangu, mama."

"Angalia vizuri nyuma yako." Na mlango haufunguki. Chakula changu alikipokea kwa mkono wa mke wangu. Ilikwenda hivi wiki nyingi. Jirani zetu walidhani ana ukali wa uzee. Mimi nilijua kwamba ana haki, na sikupenda kujua.

Katika msimu ule mtu alianguka shamba la jirani. Mvua ikaja, wanawake wakaita. Wawili walikwenda kuanua na watatu wakabaki naye. Alikufa vilevile. Ila watatu walikuwa wamemshika mikono. Habari hii mke wangu alimpelekea mama, na kesho yake nilipobisha hodi mlango ulikuwa wazi.

Nikaingia. Amekaa juu ya jamvi, mgongo ukutani. Hakunikaribisha, wala hakunifukuza. Nikakaa chini mbele yake na nikasema yote tangu mwanzo, bila mbaazi wala bati. Nilimtajia tawi lilivyovunjika, nani alikuwa wapi, tulivyokimbia, na tulimkuta vipi. Nikafika pale.

"Kwenye mchezo," nikasema, "yule mtu anawaambia wenzake nendeni kaanueni. Hilo nimelitunga mimi. Baba hakusema hivyo."

"Alisemaje?"

Neno hili nilikuwa sijamwambia mke wangu, sijalisema kwenye sala zangu.

"Alinishika kifundo cha mguu. Akasema, kaa. Nikauvuta mguu wangu, nikaenda."

Mama alifumba macho muda mrefu. Nikadhani amelala, au lile alilonalo moyoni limemshinda. Nje kulikuwa na jua na mtu anaponda kitu kwenye kinu. Akafumbua macho, hakunitazama, akatazama mlango.

"Basi kaa," akasema.

Nikakaa. Hatukuzungumza tena. Adhuhuri tulisali humo humo, na alasiri, na ilipoadhiniwa magharibi ndipo aliponambia niende nikale. Hakusema kwamba amenisamehe, na mimi sikumuuliza. Tangu siku ile akisikia hodi yangu alikuwa akisema, "Pita," na ninapita, na ninakaa. Alikufa baada ya Mfunguo Mosi, mwezi wa Idi, asubuhi, mkono wake umo mkononi mwangu. Siku ile mvua ilinyesha, na tulikuwa na karafuu kidogo za mwisho zimeanikwa nje. Mke wangu alitoka akasimama mlangoni, akazitazama, akarudi ndani akakaa na sisi. Zikarowa.

Majukwaa sijengi tena. Wanakuja kuniuliza namna ya kufanya radi, nawaambia. Wakiniuliza namna ya kuwafanya watu walie, nawaambia waanze kuuliza nani anayekaa mbele.

Leo nina nyumba ya matofali ya vyumba vitatu, bati zake hazivuji. Nina mikarafuu kumi na minne, na ule mmoja wa baba hauchumwi. Nina ng'ombe jike na ndama wake. Nina baiskeli, misumeno miwili, randa, tupa na nyundo ya kwanza niliyoinunua. Nina ungo wa mbaazi. Nina bati la radi, sasa limefunika banda la kuku. Nina jamvi la mama. Nina kitambaa cha marekani, vipande saba vimeungwa, kimekunjwa juu ya kabati.